Stika kwake, wembe kwangu

Kisigino kinanivuta pale nyuzi zilipopita, kwa hiyo leo sipiki wala sifui. Naandika.

Yote yalianzia mgongoni kwa mume wangu. Yeye ni Mmarekani mweupe, kakulia ufukweni San Diego, California, na madoa anayo tangu utotoni. Moja likaanza kutanuka, kingo zikawa hazieleweki. Daktari wa ngozi akalitazama kwa lenzi yake yenye taa, akasema kabla ya kulikata atalipima kwa stika. Nilikuwepo, nikaona. Akapafuta kwa spiriti, akabandika kipande cha plastiki chenye gundi, akakisugua kwa kuzungusha kidole gumba, akachora kwa kalamu mpaka wa doa juu ya ile plastiki, kisha akaibandua taratibu. Stika nne, zote palepale. Hakuna sindano, hakuna damu.

"Ndiyo basi?" mume wangu akauliza, kama mtu aliyedhulumiwa.

Ndiyo basi. Stika inaondoka na seli za juu kabisa za ngozi, zile ambazo zingepukutika zenyewe. Maabara wanatafuta humo RNA, yaani nakala za ujumbe wa jeni, ya jeni mbili, LINC00518 na PRAME, ambazo kwenye melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo hatari, huwa zimeamka. Majibu yakiwa hasi, uwezekano kwamba ni melanoma uko chini ya asilimia 1, doa linaachwa na kuangaliwa tu. Yakiwa chanya, kukatwa kuko palepale. Kazi yake ni kupunguza visu visivyo vya lazima, si kutoa hukumu. Ya mume wangu yalikuwa hasi, akaenda zake baharini (na kofia, safari hii).

Nikaona na mimi nitoe langu. Nina doa jeusi kisiginoni, nimekaa nalo miaka, ila mwaka huu lilianza kupata michirizi. Daktari akainama, akalitazama kwa muda, akaniambia hapo stika haitumiki. Nyayo, viganja, kucha na sehemu laini kama ndani ya mdomo haviingii kwenye kipimo hicho. Nilipomuuliza kuhusu ngozi nyeusi hakuzunguka: tafiti za mwanzo za kipimo hicho zilifanywa zaidi kwa watu weupe.

Hapo ndipo nilipochoka. Maana sisi weusi melanoma hutupata kwa nadra, lakini ikitupata hupenda mahali hapohapo: unyayo, kiganja, chini ya ukucha. Wala jua si chanzo chake kikuu. Bob Marley yake ilikuwa chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikagunduliwa 1977, na Mei 1981 akafariki akiwa na miaka 36. Na wenzetu wenye ualbino, ambao jua linawamaliza kweli, mara nyingi wanapata saratani ya ngozi ya aina nyingine, ambayo stika hii haiitafuti kabisa. Kwao krimu ya kukinga jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, ina thamani kuliko maabara yote ya California.

Sikichukii kipimo. Kimemwokoa mume wangu na kovu. Ninachokataa ni kukisikia kikisifiwa kama vile ngozi ni moja duniani.

Basi mimi nikakatwa. Sindano ya ganzi kisiginoni msiiombe. Nilishika mkono wa nesi kama naenda kujifungua. Majibu yamekuja jana: doa la kawaida.

Nikampigia mama, Lushoto. Baada ya shikamoo na habari za mahindi, nikamwomba mdogo wangu amtazame nyayo, na katikati ya vidole pia.

"Mwanangu, miguu ya mkulima yote myeusi, utatafuta lipi humo?"

"Lililobadilika, mama. Linalokua, au kidonda kisichopona."

Akaguna, lakini akakubali. Picha ya kwanza imeingia sasa hivi, imejaa tope la shamba. Nimemwambia mdogo wangu amwoshe kwanza, apige nyingine kesho mchana kukiwa na mwanga.