Nipo

Leo Ijumaa, saa nne usiku, na bado naisikia ile shikamoo ya Jumamosi.

Mnaonisoma tangu mwanzo mnamjua Besi. Ndiye aliyekuwa akipiga gita la besi kwenye kwaya yetu ya vijana, yule tuliyelala naye kwenye sakafu ya darasa mwaka ule wa mashindano, tukajifunika bango la kwaya kwa baridi. Kipaimara nilimfundisha mimi. Kwaya nzima waliniita mchungaji, yeye peke yake aliniita Pasta, na kila jambo lake lilianzia hapo. Pasta, niaje. Pasta, waya umekatika. Pasta, nina njaa. Sikujua kama nalipenda jina lile hadi nilipolikosa.

Jumamosi nilishuka hadi lami kuchukua kanzu za watoto wa kipaimara kwa fundi. Kijiwe cha bodaboda kiko palepale njia panda, chini ya mringaringa. Besi alikuwa amekaa juu ya pikipiki, mguu mmoja chini. Aliponiona akasimama. Hata hilo la kusimama linanisumbua, kwa sababu zamani asingesimama, angesogea mbele ili nipande.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba! Umepotea sana."

"Nipo."

"Basi Jumapili."

"Haya."

Hayo tu. Fundi akaniita, nikachukua kanzu zangu, nikapanda mlima.

Wiki imekuwa ndefu. Jumapili vijana 71 walipata kipaimara, askofu alihubiri vizuri, mnada baada ya ibada ulivuka lengo, mama mkwe ametoka hospitali anatembea mwenyewe, na jiko letu hatimaye limeezekwa. Yote hayo namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini nikilala, ninayoyasikia ni yale maneno matano.

Naanza na shikamoo. Kwa miaka, ni haki yangu, maana nimemzidi kumi. Mtu wa mbali hataelewa kinachoniuma. Ila shikamoo unampa mwalimu mkuu, unampa baba mkwe, unampa mtendaji wa kijiji aliyekuja kudai mchango. Unampa mtu ambaye hutaki maneno yaende mbali zaidi ya hapo. Besi aliitoa vizuri kabisa, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyelelewa. Nami nikaipokea! Hapo ndipo ninapojikamata kila usiku. Jumapili asubuhi watoto wa shule ya Jumapili hupanga mstari mlangoni, naitikia marahaba arobaini kabla kengele haijalia, mdomo umezoea. Ningeweza kumwambia, "Shikamoo ya nini tena, wewe?" Ningeweza kucheka, nimshike bega. Niliitikia marahaba kwa sauti ileile ya mlangoni mwa kanisa.

Halafu nikasema umepotea. Kila mtu huku anaisema, ukikaa wiki mbili bila kuonana na jirani unamwambia umepotea, na wote mnajua maana yake ni nimekukumbuka. Lakini nilikuwa nimevaa kola. Mchungaji mwenye kola akimwambia umepotea kijana aliyetolewa kwaya mbele ya watu, yule kijana anasikia nini? Anasikia kondoo mmoja kati ya mia. Yale ya kikao cha baraza la wazee nilishayaandika na sitayarudia, mnakumbuka kwamba nilikuwepo na mnakumbuka nilisema nini, yaani sikusema kitu. Mtoto wake alikuwa bado tumboni wakati ule. Sasa ana mwaka na miezi minne.

Na akanijibu nipo. Nimeligeuza neno hili pande zote. Nipo, yaani mzima. Nipo, yaani sijaenda popote, kijiwe ni hikihiki, mti ni huuhuu, na wewe hupita hapa kila Jumanne ukienda jimboni. Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana haliniachi.

Asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimewasikiliza watoto katekismo kwa mara ya mwisho. Anayeijua Katekismo Ndogo anajua kwamba tangu 1529 inakwenda kwa swali moja: Maana yake nini? Amri inasomwa, maana yake nini, mtoto anajibu. Binti mmoja mdogo, mwenye viatu vinavyombana, nilimpa amri ya nane. Usimshuhudie jirani yako uongo, maana yake nini? Akanyoosha mgongo, akajibu bila kukosea hata kidogo: kwamba si kutosema uongo tu, bali kumtetea jirani, kumsemea mema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mzuri. Nikamwandikia alama zote. Saa sita baadaye nilikuwa chini ya mringaringa nasema basi Jumapili.

Hilo la Jumapili sikuliona mwenyewe. Mke wangu ndiye aliyenionyesha, Jumatano, tukimenya ndizi. Nilimsimulia mazungumzo yote, nadhani kwa mara ya nne. Akaacha kisu.

"Baba, ulimwambia Jumapili. Unajua hesabu ya pikipiki ile ni kiasi gani?"

Sikujua. Yeye anajua, kwa sababu hupanda bodaboda kila siku kwenda shuleni kwake na huongea na anayempeleka. Elfu kumi kwa siku kwa mwenye pikipiki, mafuta juu yake mwenyewe, na akilaza siku, deni linasubiri kesho yake.

"Hesabu haina Jumapili," akasema, akaendelea kumenya.

Jioni ile nilikuwa na ushirika wa vijana na somo langu lilikuwa tayari tangu mwezi uliopita: Eutiko, Matendo 20. Nimelihubiri mara nyingi, na siku zote nimelihubiri kwa namna moja, kwamba kijana asisinzie ibadani, akae katikati na wenzake, asikae dirishani. Vijana hucheka ninapofika pale Paulo anapoendelea kusema hadi usiku wa manane. Jumatano nilifika pale kijana anapoanguka kutoka orofa ya tatu, nikasoma mstari unaofuata, nikashindwa kuendelea. Paulo akashuka. Neno lenyewe limeandikwa hivyo, na kwa miaka yote nimekuwa nikilipita mbio ili nifike kwenye mafundisho yangu kuhusu usingizi. Alikatiza mahubiri, akashuka, akamkumbatia. Niliwaambia vijana tuombe, tukaomba, nikawaruhusu mapema. Mwenyekiti wao aliniuliza kama naumwa.

Jana nilishuka. Sikuvaa kola. Nilikuwa na safari ya kweli, dawa za mama mkwe zilikuwa duka la njia panda, lakini gari la usharika lilikuwepo na nililiacha. Nilinunua dawa, nikaenda kukaa kwenye benchi la kijiweni. Wenzake wakaniamkia, wakaniuliza naenda wapi, nikasema namsubiri Besi. Wakatazamana. Akafika na abiria, mama mwenye ndoo ya maparachichi, akamshusha, akamfungia kanga iliyofunguka kwenye ndoo, akaniona.

"Juu?"

"Juu."

Nikapanda. Mvua ilitukuta darajani, hii ya masika isiyotoa taarifa. Alikuwa amevaa koti mbele nyuma kama wafanyavyo wote, mgongo wake ukawa wazi na fulana ikalowa palepale. Njia ile mnaijua ilivyo baada ya kanisa la zamani, tope la kahawia na mawe. Akageuza kichwa kidogo.

"Shika vizuri."

Nikamshika mabega. Hatukusema kitu hadi kwenye mgomba wa kona, akapunguza mwendo, tukajibanza chini ya paa la kibanda cha maziwa tukingoja ipungue. Nilikuwa nimejiapiza nisiulize chochote chenye kanisa ndani. Nikamuuliza binti yake analala usiku?

Uso wake ulibadilika. Sijui niandike vipi. Akasema analala kwa gita tu. Nikadhani sikusikia kwa kelele ya mabati.

"Gita gani?"

"Nimenunua. La mtumba, nyuzi moja haipo. Spika sina, kwa hiyo halitoi sauti. Lakini yeye anaegemeza sikio pale kwenye ubao, mimi napiga, anatulia. Nikiacha analia."

Akanionyesha kwa kiganja, sikio linakaa wapi. Chini kidogo ya nyuzi, kulia.

Nilikuwa nadhani kwaya ilipomtoa, muziki nao ulimtoka. Nilishamwombea hivyo hata kwa sauti, mbele ya watu, kwamba Bwana amrudishie kipaji chake. Na kumbe kila usiku, kwenye chumba kimoja cha kupanga, anapiga besi isiyosikika na mtu yeyote ila mtoto mmoja, tena kwa nyuzi tatu. Niliposhuka nyumbani nilikuwa nimelowa hadi soksi na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata hata Jumapili ile na askofu. Nauli elfu moja na mia tano. Nilitoa elfu mbili, akanirudishia mia tano yangu, nikaipokea. Nilifurahi kuipokea.

"Haya, usiku mwema," akasema.

Hakusema mchungaji. Hakusema Pasta. Nilisimama getini nikasikiliza pikipiki ikishuka, kama vile jina lingekuja baadaye na upepo. Kuhusu Jumapili sikumwambia. Kuhusu baraza la wazee najua ninalopaswa kulisema na najua kikao ni tarehe ngapi, na leo nimemwandikia mzee kiongozi aliweke kwenye ajenda. Bado hajanijibu.

Nilitaka kuandika zaidi, ila ng'ombe ananiondolea utulivu. Amebakiza siku chache azae, na tangu asubuhi hajagusa majani. Nimemkatia mgomba laini, nimemwekea pumba yenye chumvi, ameinusa akageuka ukutani. Bwana mifugo hapokei simu. Mke wangu yuko zizini na tochi, amekwisha niita mara mbili.