Siku moja na tarehe za mafuriko

Saa 2:00 asubuhi. Nafungua rekodi za vituo vya kupimia mito ya Ulaya. Watu wakisikia nashughulika na mafuriko, huuliza maji yalipanda kiasi gani. Mimi nataka kujua yalipanda lini. Kwa kila mwaka nachagua siku moja tu, ile ambayo mto ulijaa kupita siku nyingine zote.

Saa 3:30. Ukubwa wa mafuriko una mikono mingi ndani yake: bwawa limejengwa, mto umenyooshwa, bondeni kumeota nyumba. Tarehe haiguswi sana na hayo, tena hufichua kilicholeta maji: theluji, dhoruba, au udongo uliokwisha kushiba maji.

Saa 5:00. Hapa ndipo kazi inaponoga. Tuseme mto ulifurika tarehe 31 Desemba, na mwaka mwingine tarehe 1 Januari. Kwa kalenda ni jirani kabisa. Jumlisha siku ya 365 na siku ya 1, gawa kwa mbili: 183, yaani tarehe 2 Julai, wakati mto huo umenywea! Ndiyo maana kila tarehe naigeuza kuwa pembe kwenye duara, mwaka mzima ukiwa digrii 360, kisha natafuta wastani wa mielekeo ya pembe hizo, si wa namba za digrii. Asiyefanya hivyo atachapisha upuuzi wenye desimali mbili.

Saa 7:00. Chakula, upesi.

Saa 8:00. Nalinganisha na utafiti wa mwaka 2017 ulioongozwa na Günter Blöschl wa Vienna: vituo 4,262, nchi 38, miaka ya 1960 hadi 2010. Kaskazini-mashariki mwa Ulaya, theluji inayeyuka mapema na mafuriko yanawahi. Kandokando ya Bahari ya Kaskazini, dhoruba za majira ya baridi zinachelewa, na mafuriko nayo. Pwani ya Atlantiki udongo unashiba mapema. Katika nusu ya vituo vya huko mafuriko yamewahi kwa siku 15 au zaidi katika miaka hiyo 50. Kwa hiyo anayesema tabianchi “inawahisha mafuriko”, akaishia hapo, hajaitazama ramani.

Saa 10:00. Msimamizi wa bwawa anauliza: aanze lini kupunguza maji ili kuipisha theluji itakapoyeyuka? Ratiba yake ni ya zamani. Mafuriko yakiwahi, yatalikuta bwawa halijapata nafasi. Wastani peke yake haumfai. Namtumia pia mtawanyiko wa tarehe, yaani zinavyotofautiana mwaka hadi mwaka, na namshauri apange kwa kutazama miaka iliyowahi zaidi.