Akidi ya kumi: jinsi utawa wa Kibudha ulivyovuka mipaka ya China

Habari za Ubudha kutoka China kwenda kwa majirani zake huanza na mizigo. Mwaka 372 Fu Jian, mtawala wa dola la Qin ya Awali, alimtuma mtawa Shundao kwenda Goguryeo, kaskazini mwa Korea, akiwa na sanamu na sutra, yaani vitabu vya mafundisho ya Buddha. Katikati ya karne ya 6 mfalme Seong wa Baekje, dola jingine la Korea, naye akapeleka Japani sanamu ya Buddha na maandiko. Hayo yalitokea. Lakini sanamu inaweza kukaa hekaluni miaka mia bila kumfanya mtu yeyote kuwa mtawa, na sutra hali kadhalika. Mtawa hufanywa na watawa, na ni lazima watimie idadi. Kwa maoni yangu, ukitaka kujua Ubudha ulikita mizizi lini katika nchi fulani, uliza nchi hiyo ilipata akidi lini.

Akidi imewekwa na Vinaya, yaani kanuni za watawa. Anayeomba utawa kamili lazima awe na miaka 20, ikihesabiwa tangu alipotungwa mimba, na awe na majoho matatu na bakuli lake la kupokelea chakula. Mbele yake hukaa watawa kumi. Watatu ni walimu: mlezi atakayemchukua kama mwanawe, msoma hoja, na mwalimu wa kumhoji. Saba ni mashahidi. Kwanza mwombaji hupelekwa kando, mahali anapoonekana ila hasikiki, na mwalimu wa kuhoji humuuliza: una deni? U mtumwa wa mtu? Uko katika utumishi wa mfalme? Wazazi wako wamekubali? Una ukoma? Kisha hurudishwa kati na maswali yale yale huulizwa mbele ya wote. Msoma hoja hutoa hoja mara moja na kuitangaza mara tatu. Anayekubali hunyamaza, anayepinga husema. Tangazo la tatu likipita kimya, kazi imekwisha, na papo hapo kivuli cha jua hupimwa ili saa ijulikane. Saa hiyo ina uzito, kwa sababu tangu hapo mtawa atakaa mbele au nyuma ya wenzake kwa kufuata nani alitangulia kupokewa.

Mambo mengi yanaweza kuibatilisha shughuli hii. Lazima ifanyike ndani ya mpaka uliotangazwa rasmi, wenye alama zinazojulikana: mwamba, mti, kijito. Mtawa mmoja akiwa ndani ya mpaka huo na hakuhudhuria wala hakutuma ridhaa yake, tendo zima ni batili. La hatari zaidi, kila mmoja katika wale kumi lazima naye awe alipokewa sawasawa. Kama mmoja wao utawa wake ni wa bandia, hahesabiwi, mnabaki tisa, na mliyempokea leo hataweza kumpokea mwingine kesho. Ni silsila, na inakatika kimyakimya bila mtu kujua.

Kuna nafuu moja. Sona wa Avanti, nchi iliyokuwa pembezoni mwa eneo alilohubiri Buddha, alingoja miaka mitatu mpaka watawa kumi wakusanyike. Habari hizo zilipomfikia Buddha, aliruhusu nchi za pembezoni zitumie watawa watano, mradi mmoja wao awe mjuzi wa Vinaya. Kumi katikati, watano pembezoni: shika hesabu hii, maana itatufikisha Japani na Tibet.

China yenyewe ilianza ikiwa nchi ya pembezoni. Wasifu za watawa zinasema kwamba kabla ya Mhindi Dharmakala kufika Luoyang, karibu mwaka 250, watawa wa huko walitofautiana na raia kwa kunyoa nywele tu. Dharmakala alitafsiri orodha fupi ya kanuni na kuwakusanya watawa wa kigeni ili akidi itimie. Hata hivyo kanuni kamili hazikuwepo kwa miaka mingi zaidi ya mia. Kwa sababu hiyo mtawa Faxian aliondoka Chang'an mwaka 399, akiwa tayari mtu mzima sana, akapita Dunhuang na Khotan hadi India, akakaa miaka miwili Sri Lanka, kisha akarudi kwa bahari. Alikwenda kutafuta Vinaya, na hilo ndilo alilolisema mwenyewe. Alirudi na mbili, kila moja ya madhehebu yake ya India: ya Mahasanghika aliyoinakili Pataliputra, na ya Mahisasaka aliyoipata Sri Lanka. Wakati huo huo Chang'an ilikuwa inatafsiri nyingine mbili, ya Sarvastivada kuanzia 404, na ya Dharmaguptaka kati ya 410 na 412. Hiyo ya mwisho haikuletwa kwenye karatasi. Mtawa wa kigeni Buddhayasas aliikariri kutoka kichwani. Kwanza mtawala Yao Xing aliamuru apimwe kwa kukaririshwa rejista za kaya na maagizo ya dawa, na alipofaulu ndipo kazi ikaanza. Kufikia 424 China ilikuwa na Vinaya nne kamili. Baadaye, chini ya nasaba ya Tang, ile ya Dharmaguptaka, yenye kanuni 250 kwa wanaume na 348 kwa wanawake, ndiyo iliyoshinda, na ndiyo iliyokwenda Korea na Japani.

Kwa wanawake hesabu ni mara mbili. Wanahitaji watawa wa kike kumi kwanza, kisha wa kiume kumi. Mchina wa kwanza kuitwa mtawa wa kike, Zhu Jingjian, alipokewa Luoyang mwaka 357 na wanaume peke yao, maana wanawake wa kumpokea hawakuwepo. Dosari hiyo haikuguswa hadi mwaka 429, nahodha Nandi alipoleta watawa wa kike 8 kutoka Sri Lanka hadi Jiankang, Nanjing ya leo. Walikuwa pungufu. Gunavarman, mtaalamu wa Vinaya aliyewasili 431, aliwaambia hivyo waziwazi: hawatimii kumi, na baadhi yao miaka yao ya utawa haitoshi. Akawataka wajifunze Kichina wakati wengine wanaitwa. Alifariki mwaka huo huo. Mwaka 433 Nandi alirudi na wengine 11, akiwemo Tessara, na mwaka uliofuata mtawa Sanghavarman alisimamia shughuli katika monasteri ya Nanlin. Wanawake zaidi ya 300 walipokewa upya. Safari mbili za meli katika Bahari ya Hindi, miaka mitano ya kungoja, kwa ajili ya watu wachache waliopungua kwenye mkeka! Na matokeo yake yamevuka karne nyingi. Sri Lanka yenyewe iliupoteza utawa wa kike baada ya uvamizi wa Wachola wa India Kusini katika karne ya 11. Ulipofufuliwa nchini India, huko Sarnath mwaka 1996 na Bodh Gaya mwaka 1998, akidi ya kike ilitoka kwa Wakorea na Wachina.

Korea haina misukosuko mingi kwenye suala hili. Mtawa Marananta alifika Baekje kwa bahari mwaka 384 kutoka Jin ya Mashariki, dola la kusini mwa China. Mwaka uliofuata monasteri ikajengwa Hansan na watu kumi wakapewa utawa. Silla, dola la tatu la Korea, ilichelewa, na ni mtawa Jajang, aliyerudi kutoka Tang mwaka 643, aliyeweka utaratibu wa kudumu. Jukwaa la viapo, yaani mahali pa kutolea utawa, alilolijenga Tongdosa mwaka 646 limeifanya monasteri hiyo kuwa kitovu cha Vinaya nchini humo.

Japani ndiko mambo yalikopinda. Mwaka 584 Soga no Umako, waziri mwenye nguvu wa Japani, alikuwa na sanamu lakini hakuwa na watawa. Aliyempata ni Hyebyeon, mtu wa Goguryeo aliyekuwa ameacha utawa na kuishi uraiani katika jimbo la Harima. Kwa mkono wake Zenshin, msichana wa miaka 11, na wenzake wawili wakawa watawa wa kwanza wa Japani. Pima kwa Vinaya: mpokeaji si mtawa tena, anayepokewa hajafika umri, akidi haipo. Zenshin mwenyewe aliliona tatizo. Mwaka 588 alikwenda na wenzake Baekje kujifunza kanuni, wakarudi 590, lakini watatu hawafiki kumi. Hesabu ya serikali ya mwaka 624 ilikuta mahekalu 46, watawa wa kiume 816 na wa kike 569, bila nchi kuwa na chombo cha kuwapokea kihalali. Wengi waliapa peke yao mbele ya sanamu. Na kwa kuwa mtawa hakulipa kodi wala hakufanya kazi ya shuruti, watu walijinyolea nywele wenyewe, na dola likabaki na hati za utawa zisizo na mizizi.

Mwaka 733 watawa Yoei na Fusho walitumwa China kutafuta akidi. Mmoja waliyempata mapema, Daoxuan, alifika Japani 736 pamoja na Bodhisena wa India na mtawa mmoja wa Champa, katika Vietnam ya leo. Alijua kanuni, ila mjuzi mmoja bado ni mmoja. Mwaka 742 wakamfuata Jianzhen wa Yangzhou, ambaye Wajapani humwita Ganjin. Aliuliza wanafunzi wake nani ataenda, hakuna aliyejibu, akasema basi ataenda yeye, na 21 wakasimama. Safari tano zilishindikana, na sababu zake zinafundisha. Ya kwanza iliharibiwa na mwenzao aliyekasirika kuachwa nyuma, akawashtaki kuwa wanashirikiana na maharamia. Ya pili, kwa meli ya kijeshi iliyonunuliwa, ilivunjwa na mawimbi. Nyingine zilizuiwa na watawa wa China wasiotaka kumpoteza mwalimu wao, mmojawapo akiwa mwanafunzi wake Lingyou. Ya tano, mwaka 748, dhoruba iliwatupa Hainan. Njiani kurudi Yoei alifariki, na Jianzhen akapofuka. Mwaka 753 alipanda meli ya ujumbe wa Japani kwa siri, na safari hii akafika. Alikuwa na watu 24, wakiwemo watawa wa kiume wa kutosha kutimiza idadi na watawa wa kike watatu.

Mwezi wa nne wa mwaka 754 jukwaa liliwekwa mbele ya sanamu ya Buddha Mkuu katika monasteri ya Todaiji, Nara. Zaidi ya wanafunzi 400 walipokewa. Watawa wazee walipinga kwamba kiapo chao cha peke yao kilitosha. Fusho akajadiliana nao, wakashindwa, na zaidi ya 80 wakaacha utawa wao wa zamani na kuanza upya nyuma ya vijana. Nawaheshimu wazee hao kuliko nijuavyo kusema. Mwaka 761 majukwaa mengine mawili yakaanzishwa, Yakushiji ya Shimotsuke upande wa mashariki na Kanzeonji upande wa magharibi, na huko pembezoni ilitumika akidi ya watano: walimu watatu, mashahidi wawili. Mwaka 822 serikali ilikubali ombi la mtawa Saicho kuwa monasteri yake ya mlima Hiei itoe utawa kwa kanuni za bodhisattva pekee, yaani viapo vya anayetafuta kuwaokoa viumbe wote, zisizohitaji kumi, na tangu hapo Japani ikaanza kushika njia yake.

Tibet ilipata akidi yake kutoka India, katika monasteri yake ya Samye, miaka ya 770, kwa Vinaya ya Mulasarvastivada, madhehebu mengine ya India. Dola lilipoporomoka katika miaka ya 840, watawa watatu walikimbilia Amdo, mpakani na China, wakiwa na vitabu vya Vinaya. Mapokeo ya Kitibeti yanasimulia kwamba kijana aliyekuja kujulikana kama Gongpa Rabsal aliwaomba utawa, nao walikuwa watatu tu. Wakamwendea mtawa Lhalung Pelgyi Dorje. Akakataa: alikuwa amemuua mfalme, na aliyeua binadamu si mtawa tena, hawezi kuhesabiwa. Akawatafutia watawa wawili wa Kichina. Watano wakatimia. Baadaye kijana Lume na wenzake kutoka Tibet ya kati walifika huko, wakapokewa, wakarudi na kujenga mahekalu.

Wachina wale wawili wamebaki kwenye mjadala hadi leo. Kama walifuata Vinaya ya Dharmaguptaka, basi silsila ya wanaume wa Tibet ilipita katika akidi iliyochanganya Vinaya mbili na bado ikahesabiwa halali. Wanaotaka wanawake wa Tibet wapewe utawa kamili, ambao silsila yake haikuwahi kufika kwao, wanauliza kwa nini watawa wa kike wa Dharmaguptaka kutoka China, Taiwan na Korea wasiketi na watawa wa kiume wa Tibet kwa hoja hiyo hiyo. Wapinzani wanajibu kwamba tukio la Amdo lilikuwa la dharura. Kwa upande wangu, sioni jinsi dharura ya wanaume watatu iwe kubwa kuliko ya wanawake wote wa nchi.