Kompyuta 36 ziko Iringa, mimi niko Dodoma, na mfumo nimezipiga

Kwa miaka miwili nilikuwa nazifuata. Likizo ikifika, mwalimu wa kompyuta wa shule niliyosoma, shule ya bweni mkoani Iringa, ananipigia: "Mdogo wangu, mashine kumi zimelala tena." Napanda basi Dodoma, napita Mtera, nafika jioni na flashi nne mfukoni. Siku tatu nzima napiga mfumo, yaani nasakinisha upya mfumo endeshi, mashine moja baada ya nyingine, nikiinuka na kuinama chini ya meza. Muhula ukianza, wanafunzi wanakuja na flashi zao zenye virusi, na tunarudi pale pale.

Nilipoamua kwamba mashine zitajipiga mfumo zenyewe kupitia waya wa mtandao, fundi mmoja ninayemheshimu aliniambia kuwasha kompyuta kwa PXE, yaani ianze kutoka mtandaoni badala ya kwenye diski yake, ni mambo ya benki na makampuni yenye seva za mamilioni. Hadi leo maneno yale yananikera, kwa sababu yalinichelewesha karibu mwaka. PXE imo ndani ya kadi za mtandao tangu miaka ya tisini. Intel walitoa toleo la 2.1 la maelezo yake mwaka 1999, na hata mashine kuukuu kuliko zote pale shuleni inayo. Mashine ikiwaka, kabla ya kugusa diski, inauliza mtandaoni: nani atanipa anwani, na faili la kuanzia liko wapi? Ikijibiwa yote mawili, inalivuta faili kwa TFTP, njia nyepesi ya kusafirisha faili mtandaoni, na kuliendesha. Basi.

Seva yangu ni kompyuta mpakato iliyokuwa imelala kabatini miaka mingi. Niliichagua kwa ajili ya betri. Umeme ukiyumba, na pale huyumba, seva haizimiki. Nikaiwekea Debian, mfumo huria wa Linux, na programu ndogo iitwayo dnsmasq, inayojibu maswali yale mawili.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Fundi wa pili alinishauri: "Kaka, zima DHCP ya ruta, ile huduma yake ya kugawa anwani, acha seva yako igawe zote." Ruta ya shule imefungwa na waliotuletea intaneti, nywila wanayo wao. Nikaona nisiizime, nami nigawe anwani zangu kando yake. Nusu saa haikupita, mhasibu wa shule akasimama mlangoni. "Wewe kijana, umefanya nini? Printa siioni, intaneti hakuna, na leo nalipa wazabuni." Nyuma yake mwalimu wa taaluma, nyuma yake matroni na simu mkononi. Kila kifaa kilichoomba anwani asubuhi ile kilijibiwa na wawili, na kilishika jibu lililowahi. Mpakato wangu ulikuwa unawahi, kisha unawaambia wote kwamba njia ya kutokea ni yeye, ilhali yeye hana njia ya kumpeleka mtu popote. Nikachomoa waya, nikapita ofisi moja moja kuomba radhi na kuwasha upya mashine za watu. Mhasibu alinisamehe baada ya siku mbili.

Usiku ule, nikiwa bwenini kwa walimu, nikasoma maelezo ya dnsmasq neno kwa neno. Jibu lilikuwa mstari mmoja: `dhcp-range=192.168.10.0,proxy`. Neno la mwisho ndilo lenye kazi yote. Seva yako inakuwa wakala tu: haigawi anwani kabisa. Ruta inaendelea kugawa anwani kama zamani, na seva inajibu swali la pili peke yake, la faili la kuanzia, tena inamjibu yule tu aliyejitambulisha kuwa ni PXE. Simu ya matroni haijitambulishi hivyo, kwa hiyo haiguswi. Kama mtandao si wako, au ruta imefungwa, usikubali kuambiwa uanze na kuzima DHCP ya mtu. Nilipoiwasha kesho yake nilikaa kwenye kiti nje ya ofisi ya mhasibu saa nzima nikisubiri aniite. Hakuniita.

Mashine kuukuu zikaanza kuvuta faili. Mpya zikakataa. Hili halikunisumbua sana, maana `tcpdump`, programu inayoonyesha kila kinachopita kwenye waya, ilinionyesha wazi: kila mashine inapouliza hutaja aina yake katika chaguo namba 93. Zenye BIOS, programu ya zamani ya kuwashia mashine, husema 0; zenye UEFI ya biti 64, mrithi wake, husema 7. Mimi nilikuwa nawapa wote `undionly.kpxe`, ambalo ni faili la BIOS la iPXE, programu huria ya kuwashia mashine kwa mtandao. Wa UEFI nikawapa `ipxe.efi`, nikazima Secure Boot, kinga inayokataa faili lisilo na saini inayoaminika, kwenye kila mashine kwa mkono, na hiyo ndiyo kazi pekee iliyonirudisha chini ya meza.

Lakini mashine kumi na mbili za safu ya ukutani ziligoma kabisa. Zinaandika PXE-E51, yaani hakuna aliyejibu, ilhali waya ni mzima, taa zinawaka, na mfumo wa zamani ukiwa ndani zinapata intaneti vizuri. Nilibadilisha nyaya. Nilibadilisha kadi. Fundi wa kwanza, nilipompigia, akasema kadi zimekufa, ninunue mpya kumi na mbili. Nusura nimsikilize.

Kilichonishtua ni `tcpdump` kukaa kimya. Mashine inapiga kelele, seva haisikii hata paketi moja. Ila mashine ikifika kwenye mfumo wake, sauti inasikika. Kwa hiyo waya unapitisha, lakini haupitishi mwanzoni. Nikachukua saa ya simu nikapima: tangu taa ya tundu la swichi iwake hadi paketi ya kwanza ipite, sekunde thelathini. Safu ile ya ukutani imeunganishwa kwenye swichi kubwa, ile ya kusimamiwa, shule ilipewa msaada. Swichi za namna hiyo hulinda mtandao usijizungushe: waya mpya ukichomekwa, inasikiliza sekunde 15, inajifunza sekunde 15 nyingine, ndipo inafungua tundu. Nayo kadi ya mtandao, inapoingia kwenye PXE, hujizima na kujiwasha; swichi inaona kama waya mpya, inaanza kuhesabu upya. Thelathini zikiisha, mashine imeshakata tamaa.

Nywila ya swichi hakuna aliyekuwa nayo. Nikashuka mjini nikanunua kiswichi cha plastiki cha matundu matano, kile kisicho na akili yoyote, elfu ishirini na kitu. Nikakiweka katikati: mashine kwenye kiswichi, kiswichi kwenye swichi kubwa. Sasa kadi ijizime mara ngapi, swichi kubwa haijui, kwa sababu waya wake na kiswichi hauzimiki. Nikawasha. Skrini nyeusi, nukta tatu, halafu menyu yangu. Nilipiga makofi peke yangu chumbani. Baadaye nilirudisha swichi ile mipangilio ya kiwandani na kuyaambia matundu yote yanayoelekea kwenye mashine kwamba ni ya pembeni, yafunguke papo hapo, na hesabu ya thelathini ikaisha. Lakini kiswichi kile bado natembea nacho kwenye begi. Kadi kumi na mbili zingetugharimu laki kadhaa, na tatizo lingebaki.

TFTP itumie kwa faili dogo la iPXE tu. Kwa kawaida hutuma baiti 512, husubiri risiti, hutuma nyingine 512. iPXE ikishaamka ina HTTP ndani yake, njia ile ile ya kurasa za wavuti, iliyo na kasi zaidi. Vitu vikubwa vyote vipite huko.

Mfumo nilioweka ni Debian, na maswali yake yote nimeyajibu mapema kwenye faili moja la preseed: lugha, diski, mtumiaji, LibreOffice, programu za masomo. Hofu yangu ilikuwa bando. Mashine 36 kila moja ikivuta vifurushi vyake kutoka nje, shule ingefilisika. Dawa ni apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala ya kila kifurushi kilichokwisha kuvutwa, kwenye seva ile ile, mlango wa programu (port) namba 3142. Mashine ya kwanza ilikula zaidi ya saa mbili kuvuta kutoka nje. Zilizofuata zikachukua vile vile kutoka kwenye mpakato, kama dakika ishirini na tano kila moja. Nilizipeleka nane nane. Bando la GB 20 lilibaki na chenji.

Jambo moja nusura litutoe machozi sote: mashine ikimaliza hujiwasha upya, na kwa kuwa imeambiwa ianze na mtandao, inarudi kwenye seva na kujipiga mfumo tena, usiku kucha. Kwa hiyo jibu la kawaida la seva yangu ni "nenda kwenye diski yako". Inayotakiwa kupigwa mfumo pekee ndiyo yenye faili lenye jina la anwani yake ya MAC, namba ya kipekee ya kadi yake ya mtandao, na hatua ya mwisho ya usakinishaji ni kuiambia seva ilifute faili hilo.

Kutoka Dodoma naingia kwenye seva kwa handaki la WireGuard, njia iliyofichwa ndani ya intaneti, ambalo mpakato wenyewe ndio unaolifungua kutoka ndani, maana ruta haifunguki kwa nje. Naandika faili la MAC, natuma paketi ya kuamsha, ile yenye FF sita na MAC iliyorudiwa mara 16, na mashine inawaka ndani ya chumba kilichofungwa kufuli.

Juzi diski moja ilikufa. Mwalimu aliweka nyingine, akanisomea MAC kwenye simu. "Nikae nisubiri?" Nikamwambia, "Hapana kaka, funga mlango ukale." Kabla hajamaliza ugali nilimtumia ujumbe kwamba mashine ni nzima.

Mhasibu naye ameomba ya kwake iingizwe. Programu yake ya hesabu inataka Windows, kwa hiyo wiki hii nasoma wimboot, programu ya kuiwasha Windows kupitia iPXE.