Siku yangu: maua, ndimu na mgeni wa kampuni

Saa kumi na moja unusu alfajiri. Mahamri mawili, chai ya tangawizi, natoka. Mkobani nimetia ndimu, magadi na chupa ya maua mekundu ya haibiskasi niliyoyachemsha usiku. Mume wangu aliidhania sharubati.

Saa kumi na mbili, feri ya Likoni, Mombasa. Sisi wa miguu hatulipi nauli. Tunalipa kwa viwiko.

Saa mbili. Gredi ya saba, Sayansi Jumuishi: asidi, besi na viashirio, yaani vitu vinavyobadili rangi kuonyesha ipi ni ipi. Darasa hili ndilo maabara yetu. Gredi ya saba ya kwanza ya mtaala mpya ilipoanza mwaka 2023, iliwekwa ndani ya shule za msingi, na hizo hazikujengwa zikiwa na maabara. Karatasi za litimasi tulizopewa na wadhamini zimeharibiwa na unyevu wa kwetu huku. Basi maua. Nadondosha ndimu: nyekundu ya kuwaka. Namimina magadi: kijani! Walio nyuma wamepanda madawati. Mmoja anauliza, “Na maji ya bahari, ticha?” Sina.

Saa tano na nusu. Kijana wa kampuni inayotudhamini amekuja na mpiga picha. Wanataka kuongeza hadubini tano na kupaka ukuta rangi zao. Tatu za mwaka juzi ziko kabatini, balbu zimeungua, na hakuna fungu la kununulia nyingine. Mwalimu mkuu anatabasamu. Namwelewa, mgeni hafukuzwi. Mimi nikasema: balbu, spiriti, litimasi kila muhula, na siku mbili tatu za mafunzo kwa walimu. Wajapani walipoingia na wizara ya elimu mwaka 1998 kwenye SMASSE, mradi wa kuimarisha hisabati na sayansi sekondari, walianza na mwalimu, si na ukuta.

“Mwalimu,” akanijibu, kwa adabu kabisa, “spiriti haipigwi picha.”

Tukacheka sote. Kisha akaniomba orodha, isizidi ukurasa mmoja. Labda. Serikali inataka asilimia 60 ya watoto waende mkondo wa sayansi sekondari ya juu. Wataendaje hawajapata kuona seli?

Mchana ni kusahihisha tu, na joto.

Saa kumi na moja jioni, kabla ya kuingia kivukoni, nikamwomba mvuvi mmoja anichotee maji kwenye ile chupa, sasa tupu.

“Ya dawa, mama?”

“Ya somo.”

Akanitazama, akaijaza mpaka shingoni.