Kuhesabu kamba wa Louisiana kwenye mafunjo ya Naivasha

Kutoka Nairobi hadi Naivasha mjini ni kama kilomita 90, kisha matatu nyingine ya Moi South Lake Road hadi ufukwe wa Kamere. Tulishuka jioni na mitego 20 ya waya, ndoo, kalipa (kifaa cha kupimia urefu) na vichwa vya samaki vya kuwa chambo. Jioni ndiyo saa yake, maana kamba huyu, mnyama wa maji baridi mwenye gamba na magando, hutembea usiku.

Si mwenyeji. Jina lake la kisayansi ni Procambarus clarkii, na asili yake ni kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Aliletwa ziwani mwaka 1970 ili wavuvi wapate biashara, nao wakaipata hadi Ulaya. Lakini alifyeka mimea ya chini ya maji, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mayungiyungi na majani mengine yalikuwa yameisha. Hapo naye akapungua, maana hana chakula wala maficho. Mimea ikarudi, naye akarudi. Ndiyo maana hesabu ya msimu mmoja haitoshi: lazima uandike pia mimea iliyopo na kina cha maji.

Tuliingia kwa boti, tukipita migunga iliyokufia majini, tukatega ukingoni mwa mafunjo, mtego mmoja kila mita 10. Chambo tulikitia kwenye kopo lililotobolewa. Ukikiacha wazi kinaliwa mapema, na walioingia wanatoka.

Alfajiri mtego wa kwanza ulikuwa na kamba 9, na 7 kati yao madume. Usidhani ziwa zima liko hivyo. Majike wenye mayai hujificha mashimoni, wadogo hupenya matundu ya waya, na dume kubwa likishaingia wengine huogopa mlango. Jike moja lilikuwepo: ukilishika nyuma ya magando na kuligeuza, unaona chini ya mkia mayai mamia, meusi, yamebanana kama shanga. Hilo tulilipima upesi, ncha ya pua hadi mwisho wa gamba la kifua, tukalirudisha majini.

Wadogo tuliwatafuta chini ya magugu maji kwa wavu wa mpini: unaupitisha taratibu chini ya mizizi, unainua gugu zima na kulikung'utia ndani ya wavu. Ukilivuta gugu kwanza, wameshaanguka.

Ili kukadiria idadi yao, unawatia alama, unawaachia, kisha unawakamata tena. Alama haziwekwi kwa rangi, kwa sababu kamba akijivua gamba rangi inakwenda nalo. Tulikata kipande kidogo cha ubapa wa mwisho wa mkia. Ukitia alama kamba 60, ukarudi ukakamata 50 na 10 wawe na alama, unazidisha 60 kwa 50, unagawa kwa 10: makadirio ni 300. Ukichelewa kurudi, wenye alama wengine wameliwa na samaki aina ya karpi au ndege, wengine wamehama, wapya wasio na alama wameingia, na jibu linakuwa kubwa kupita ukweli.

Mwisho tulikwenda kwenye matope, pamoja na askari wa wanyamapori, maana viboko hutoka kulisha usiku. Ziwa liliposhuka sana miaka iliyopita, watafiti waliwakuta kamba hawa ndani ya nyayo za viboko zilizojaa maji, na usiku wakitoka nchi kavu kula majani. Kwa hiyo tulimulika kila unyayo kwa tochi na kuuandika hata usipokuwa na kitu, kwa sababu mtego hauzami kwenye maji ya kina cha kiganja.