Ulikuwa Umeshafunga Begi

Maneno matatu. Nimeyahesabu leo nikiwa kituoni nasubiri dakika zangu za kuondoka, injini inanguruma, abiria wa kwanza kashajikalia zake kiti cha nyuma. Ulikuwa. Umeshafunga. Begi. Tangu Alhamisi usiku yananisumbua kama chembe ya mchanga ndani ya soksi, na soksi yenyewe siwezi kuivua maana naendesha.

Aliyeyasema ni Kijana. Ni mtoto wa dada yangu. Tulikuwa tunarudi kutoka Scotland, tulikokwenda kuitafuta nyumba ya filamu ya James Bond, Glasgow tumeshaiacha nyuma, mvua inapiga kioo, waipa zinalia. Nilidhani amelala. Kumbe yuko macho.

“Mjomba.”

“Naam, mjomba.”

“Ile nyumba ilijengwa Surrey.”

“Nani kakwambia?”

“Nilijua tangu Jumatatu.”

“Sasa mbona hukusema?”

“Ulikuwa umeshafunga begi.”

Akarudisha vile vidude vyake masikioni, akageukia dirisha. Basi. Mimi nikaendelea kushika usukani kilomita mia tano na ushee nikiwa na mtu wa miaka 13 ambaye amenihurumia.

Kwa aliyesahau nilichoandika hapa wiki mbili zilizopita, kwa mbwembwe nyingi mno (nimeisoma tena jana, nikaona aibu, ila siifuti): safari ilikuwa ya kwenda kuiona nyumba ya Skyfall. Filamu ya 2012, jasusi Bond anamchukua bosi wake M, yaani Judi Dench, wanapanda ile Aston Martin DB5 ya kijivu na kukimbilia kwao Bond, nyumba kubwa ya mawe peke yake bondeni. Wanasimama kwanza kando ya barabara, ukungu umeshuka, milima imewazunguka, hawasemi mengi. Hiyo barabara ipo kweli. Ni ya Glen Etive, unaiacha barabara kuu ya A82 ukiwa unakaribia Glencoe, unaingia kijibarabara ambacho magari mawili hayapishani mpaka mmoja ajibanze kwenye kijisehemu cha kupishana. Mimi ninayepeleka basi la ghorofa mbili katikati ya London kila siku nilitokwa jasho. Na hata Glencoe si ya kubuni tu ya wenye filamu: Fleming mwenyewe, mtunzi wa vitabu vya Bond, kwenye kitabu cha 1964, alishaandika kwamba baba yake Bond alikuwa mtu wa huko.

Basi tukaenda kilomita kama 800. Tukalifikia lile pindo la barabara. Buachaille Etive Mòr limekaa pale pale, jeusi, kubwa, kama lilivyo kwenye filamu. Nikamsimamisha Kijana mahali aliposimama M, mimi nikasimama mahali pa Bond, mikono mifukoni, nikakunja uso. Usubi wa Agosti hauna adabu, ulituvamia usoni mpaka picha zote nimefumba jicho moja. Nilifurahi kiasi ambacho sijui nikielezeje. Nikapiga kelele bondeni. Mtalii mmoja mwenye fimbo za kutembelea akageuka akaniangalia, nami nikampungia mkono.

Halafu nikasema, haya, twende sasa tukaitafute nyumba.

Hapa ndipo ninaporudi kila nikifumba macho. Tuliendesha bonde lote mpaka linapoishia majini, Loch Etive. Tukageuza. Nikamwambia, wewe tazama kushoto, mimi kulia, jicho lako zuri kuliko langu. Naye akatazama! Alitoa kichwa dirishani. Kuna mahali tulipita boma la mawe lisilo na paa, pengine la kondoo, akaninyooshea kidole: “Mjomba, ile siyo?” Nikasimamisha gari. Nikashuka. Nikazunguka lile boma nzima na viatu vyangu vya kazini, matope mpaka fundoni, nikarudi nikamwambia hapana, hii ndogo. Akasema, “Aa. Ndogo kweli.”

Ndogo kweli! Huku anajua.

Sasa niambieni, hiyo ni huruma au ni dharau? Mchana wa Ijumaa niliamua ni dharau. Usiku nikaamua ni huruma, na hiyo ndiyo ikauma zaidi. Dharau ya mtoto unaizoea, ana miaka 13, hata mkate anaudharau. Lakini lini nimekuwa mtu wa kufichwa ukweli ili furaha yangu isipungue? Hivyo ndivyo tulivyomfanyia bibi miaka ile. Tulimwitikia kila kitu.

Na kinachoniumiza ni kwamba mjuzi wa mambo hayo ni mimi. Jumatatu ile ile tulizunguka London mimi nikiwa mbele, namfundisha. Nilimpeleka Vauxhall, lile jengo la majasusi ambalo napita ubavuni mwake na basi kila siku ya Mungu, la Terry Farrell, likaanza kutumika 1994, mwaka uliofuata tu likaonekana kwenye GoldenEye, filamu nyingine ya Bond, na kwenye Skyfall likalipuliwa. Nikampeleka Charing Cross, nikamwambia: hapa chini kuna majukwaa ya treni za Jubilee yaliyofungwa 1999, na ile stesheni ya Temple unayoiona Bond akimkimbiza adui yake Silva siyo Temple, ni haya majukwaa. Nikamwambia na bwawa la Shanghai analoogelea usiku, taa za buluu zile, liko Canary Wharf hapa hapa. Ghorofa la Shanghai la kupigania gizani, kwa nje, ni Broadgate Tower, nalo la hapa. Uwanja wa ndege wa Shanghai ni Ascot, kwenye mbio za farasi. Kijana akacheka, akauliza, “Sasa China walienda au hawakwenda?”

Mnaona mwenyewe nilichokifanya. Nimekaa natoa somo la uongo wa filamu tangu asubuhi mpaka jioni. Mtoto amerudi nyumbani, amelala na simu, na kama mtoto yeyote mwenye akili amejiuliza: na ile nyumba je? Dakika mbili zinamtosha. Nyumba ilisimamishwa Hankley Common, huko Surrey, kwa plaiwudi na plasta, ikapigwa rangi ionekane ya mawe, kisha ikachomwa na kulipuliwa. Kutoka mlangoni kwangu hata saa 1 na nusu haifiki.

Mimi nilijua hata DB5 inayolipuka mbele ya hiyo nyumba ni kigari cha theluthi moja ya ukubwa wake, kilichotengenezwa kwa mashine ya kuchapa vitu vya 3D. Gari nilijua ni feki. Nilijua zile mbio za maboti za From Russia with Love, filamu ya Bond ya 1963, zilihamishiwa Scotland, karibu na Crinan, baada ya mambo kuwagomea Uturuki. Nyumba tu ndiyo sikuwahi kuitilia shaka, kwa sababu milima ile huwezi kuijenga, na mimi kichwani mwangu nyumba na milima vilikuwa kitu kimoja. Macho yalishaona bonde la kweli, yakapokea na nyumba humo humo bila kudai risiti.

Jumamosi nikaenda kumwona dada. Alifanyiwa upasuaji wa kifuko cha nyongo Jumatano, umekwenda salama, anatembea. Nikamsimulia. Akashika tumbo: “Kaka, usinichekeshe, nina nyuzi.” Akacheka hivyo hivyo, machozi. Shemeji akaja mlangoni na mwiko mkononi kuona kuna nini.

Alipotulia akaniambia kitu. Kwamba Jumatatu usiku Kijana alimfuata kitandani akamuuliza: mjomba akiahirisha safari, mimi Jumatano nitakuwa wapi?

Nikarudi nyumbani na hilo. Na njiani, nikisubiri taa za barabarani, ndipo likanijia jingine, mpaka aliye nyuma yangu akanipigia honi. Mimi sikufunga begi Jumatatu! Sijawahi kufunga begi mapema tangu nizaliwe. La kwangu nililifunga Jumanne saa 9 usiku, shati mbili na chaja, saa 10 alfajiri tuko barabarani. Begi pekee lililofungwa Jumatatu lilikuwa la kwake, na aliyelifunga ni mimi, sebuleni kwao, maana dada alikuwa haruhusiwi kuinama na shemeji nguo anazikunja kama anafunga maandazi. Kijana alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi ananitazama. Nilimwekea soksi sita. Nilimwekea ile sweta ya kijani asiyoipenda, akanyamaza.

Kwa hiyo aliposema ulikuwa umeshafunga begi, lipi?

Nimelizungusha hilo mpaka limechakaa. Kama ni langu, alinihurumia. Kama ni lake, alikuwa anajihurumia mwenyewe, hataki kubaki karibu na hospitali kusubiri simu, na mimi na nyumba yangu ya plaiwudi tulikuwa mlango wa kutokea. Hilo la pili halinidhalilishi hata kidogo. Hilo la pili, kusema kweli, linanifanya nitamani kurudi lile boma la kondoo nilizunguke tena mara mbili, polepole. Alikuwa anatafuta nyumba kwa bidii kuliko mimi. Tungeipata, tungegeuza gari mapema.

Lakini kumuuliza siulizi. Atasema “sijui” na mabega yatapanda, na nitakuwa nimeharibu.

Badala yake jana, Jumapili, nikampitia. Nikamwambia vaa viatu vya matope. Hakuuliza tunakwenda wapi mpaka tulipoiona Surrey kwenye kibao, akacheka peke yake dirishani.

Hankley Common ni pori la mchanga, misonobari, na vichaka vifupi ambavyo mwezi huu vimejaa maua ya zambarau. Ardhi ya jeshi. Watu wanatembeza mbwa. Nyumba hakuna, hata msingi, hata msumari. Tulizunguka muda mrefu tukitaka walau mahali pa kusema “ni hapa”, na kila kilima kilifanana na kingine. Nikaanza kuona aibu upya, nimemleta tena mahali pasipo na kitu.

Ndipo tukaukuta ukuta.

Huu sikuujua kabisa, nimeusoma kwenye kibao baada ya kuuona. Ukuta wa zege, mnene kuliko urefu wangu, kama mita 100, umekaa katikati ya misonobari bila sababu yoyote. Ulijengwa na askari wa Canada 1943. Wajerumani walikuwa wamejenga ngome pwani ya Ulaya, basi Wakanada wakajenga kipande cha kuigiza huku Surrey ili wajifunze namna ya kukivunja kabla ya kuvuka bahari mwaka uliofuata. Mashimo ya mabomu yao ya mazoezi bado yapo, vyuma vimechomoza humo vimepinda kama mizizi.

Kijana akaingia ndani ya pengo moja, akatokea upande wa pili. Akaugonga kwa ngumi.

“Mjomba, na huu feki?”

“Feki.”

“Lakini zege la kweli.”

“Na mabomu ya kweli.”

Akaupanda. Nikataka kumkataza, nikaacha. Alikaa juu miguu inaning’inia, tukala mayai ya kuchemsha aliyotufungia shemeji, akanionyesha kwenye simu picha ya nyumba ya filamu ikiwa bado imesimama, na nyuma yake misonobari ile ile. Misonobari! Nimeiona filamu hiyo mara kumi na ngapi, sikuwahi kuiuliza inafanya nini bondeni Glen Etive. Tulicheka mpaka mbwa wa watu akaja kutubwekea.

Wakati wa kurudi alikuwa ananisomea vibao vya barabarani kabla sijaviona, kama alivyofanya kule Scotland, mchezo wetu. Kimoja alikisoma mapema mno. Nikamwambia acha kubahatisha. Akasema habahatishi, kinasomeka. Nikakaza macho. Mimi niliona buluu tu.

Siku ile ya boma la kondoo nilikuwa natimiza 45, na kwa leseni ya basi maana yake ni fomu ya daktari, macho yakiwemo. Fomu iko juu ya friji. Leo asubuhi kabla ya zamu nimesimama dirishani nikajaribu kusoma namba za gari jeupe la jirani ng’ambo ya barabara, hata mita 20 hazifiki. Mwanzo nimeusoma vizuri. Herufi ya mwisho ni B. Au R. Nilipokuwa natoka nilitaka kuvuka nikaihakikishe, nikaona jirani yuko mlangoni ananitazama, nikamwamkia, nikapita.